Anayerudishwa na Njaa Hajarudi kwa Hiari

Waseminari wetu waliporudi kutoka utume wa likizo katika parokia za Kasulu na Kibondo, mmoja wao aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka. Lilikuwa somo la Maadili. Alisimama akasema: "Padre, mtu akijiandikisha kurudi Burundi kwa sababu mgao wa chakula kambini haumfikishi mwisho wa mwezi, tuseme amerudi kwa hiari?" Darasa likanyamaza. Mwenzake akajibu kwamba kama fomu imesainiwa bila bunduki kichwani, basi ni hiari. Wa tatu akasema kwamba hata Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa hiari. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka, kwa maana Esau aliuza akiwa na njaa, na aliyenunua alijua hivyo.

Swali hilo limezungumzwa sana hapa nyumbani tangu siku ile, mezani na baada ya masifu ya jioni. Sisi tunaoandika tumefikia msimamo, nao ndio huu: mtu anayerudi kwao kwa sababu chakula kimepunguzwa na amekatazwa kujitafutia kingine, hajarudi kwa hiari. Amehamishwa mara ya pili. Mara ya kwanza alihamishwa na bunduki, mara hii na sufuria. Wapo wasomaji watakaosema tumeingia kwenye siasa. Tunawaomba watuvumilie hadi mwisho.

Tuanze na namna walivyokuja, kwa sababu kumbukumbu zetu ni fupi. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Mbele ni maji, nyuma ni mlima mkali. Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kuwania muhula wa tatu, Bujumbura kukawa na maandamano, watu wakapigwa risasi, na mwezi Mei kukawa na jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Katika wiki chache makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamejazana katika ufuko ule mwembamba wa Kagunga. Vyoo hapakuwa, maji ya kunywa yalikuwa ya ziwani, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile iliyoletwa na Wajerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ikatumwa kuwachukua. Kwa kuwa Kagunga hapana gati, watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ilipotia nanga, wazee na wajawazito wakiinuliwa kwa mikono. Kigoma mjini walilala katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu, kambi iliyokuwa inawahifadhi Wakongo tangu 1996. Ilipofurika, kambi za zamani za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena.

Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha wakati ule ni kwamba wengi wa waliovuka hawakuwa wakimbizi wapya. Mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa. Wakazi wake, zaidi ya 30,000, walikuwa wamevuliwa hadhi ya ukimbizi, wakapakiwa kwenye magari na kurudishwa Burundi. Baadhi walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine wenye hati mkononi. Wengine walikuwa wamezaliwa kambini na hawakuwa na mlima wa kuuita kwao. Miaka mitatu haikutimia. Mwaka 2015 waliokuwa wamerudishwa kutoka Mtabila walikuwa tena kwenye foleni ya kuandikishwa, safari hii Nyarugusu, kilomita si nyingi kutoka mahali walipoondolewa. Mama aliyekimbia 1972 akiwa amebebwa mgongoni, akakimbia tena 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, angeweza kabisa kukimbia mara ya tatu 2015 akiwa na wajukuu. Watu wa namna hiyo wapo, na waseminari wetu wamewapelekea Komunyo.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kambi ikifungwa tatizo limekwisha, tunakumbuka Mtabila.

Sasa tuje kwenye chakula. Mgao wa kambini ni unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta na chumvi, na unatolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Shirika hilo halina shamba. Linaishi kwa michango ya mataifa. Wafadhili wakichoka, au wakielekeza fedha kwenye vita nyingine, kipimo kinashuka. Mwaka 2023 mgao katika kambi za Kigoma ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikata misaada yake ya nje kwa kiasi kikubwa, na kila anayehudumu kambini ameona matokeo yake.

Hata hivyo mgao mdogo peke yake haumtoi mtu nchini. Wakulima wetu wa Kigoma wanaujua mwezi wa Januari, wakati ghala limekauka na mahindi bado mabichi. Mtu anatafuta kibarua, anauza kuku, anakopa kwa jirani, maisha yanasogea. Mkimbizi amefungiwa milango hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae kambini, na bila kibali haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne. Masoko ya pamoja, ambamo Waha wa vijijini walileta ndizi na wakimbizi wakauza sabuni na vitenge, yalifungwa. Mpango wa majaribio wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu ili wajinunulie chakula kwa wakulima wa jirani ulisimamishwa 2017. Ukimpa mtu nusu ya chakula na kumruhusu ajitafutie nusu nyingine, umempa maisha magumu. Ukimpa nusu na kumzuia kutafuta, unajua mwenyewe unachongoja.

Wanaovunja katazo wanalipa. Wanawake wanaoingia msituni kutafuta kuni wanabakwa, na hili halikuanza jana. Mashirika yamelisema tangu miaka ya 1990. Mwanamume anayetoroka kwenda kulima shamba la mwanakijiji analipwa chochote mwenye shamba anachotaka, au halipwi kabisa, kwa maana hana pa kushtaki. Akienda polisi atakamatwa yeye. Tuliposikia habari hizi kutoka kwa waseminari tuliwauliza wenye mashamba ni akina nani. Jibu lilituaibisha: baadhi ni Wakristo wetu wazuri, wenye zamu ya kusoma masomo Jumapili.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unasema wazi kwamba kurejea kwa mkimbizi kuwe kwa hiari yake daima, na kwamba asirudishwe kinyume cha mapenzi yake. Haukusema ni kwa bunduki tu ndiyo hiari huvunjwa. Nasi katika Maadili tunafundishwa kwamba hofu, shuruti na uhitaji mkubwa hupunguza uhuru wa tendo, na wakati mwingine kuuondoa kabisa. Tunalitumia fundisho hilo kila siku katika kitubio tunapompima mwenye dhambi kwa huruma. Lingetumika pia tunaposoma takwimu za waliorejea.

Hatusemi kwamba kila aliyerudi alilazimishwa. Tangu 2017, mpango wa kuwasaidia wanaotaka kurejea ulipoanza, zaidi ya Warundi 100,000 wamerudi kutoka Tanzania, na wapo kati yao waliokuwa wanahesabu siku. Mtu anatamani kaburi la mama yake, kahawa yake, kilima chake. Anayetaka kurudi asaidiwe, tena asaidiwe vizuri, apewe mbegu na jembe, watoto wapate shule. Tunachosema ni kwamba wa aina hii na yule aliyeshindwa na njaa wanapanda basi moja, wanasaini fomu moja na wanahesabiwa katika safu moja. Agosti 2019 serikali za Tanzania na Burundi zilipoafikiana kwamba wakimbizi wa Burundi waanze kurudishwa kuanzia Oktoba mwaka huo, kambini hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata wale waliokuwa na nia ya kurudi hawakujua tena kama nia hiyo ni yao.

Hapa tunaomba tumtazame Mtakatifu Yosefu. Kila mwaka katika siku za Noeli tunahubiri kuhusu kukimbilia Misri: usiku, mtoto, punda tuliyemwongeza wenyewe, maana Mathayo hamtaji. Tunahubiri kidogo sana kuhusu kurudi. Ukisoma sura ile ya pili hadi mwisho utaona jinsi kurudi kulivyofanyika. Kwanza, Yosefu hakuondoka Misri mpaka alipojulishwa kwamba waliotafuta roho ya mtoto wamekufa. Chanzo cha kukimbia kilikuwa kimekwisha. Pili, na hapa ndipo tunapopapita haraka, alipofika karibu akasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake Herode, akaogopa. Injili haimlaumu kwa kuogopa. Hakuna afisa aliyemwambia kwamba hali imetengemaa na asikilize taarifa rasmi. Alipima mwenyewe, akaonywa katika ndoto, akageuza njia akaenda kukaa Galilaya, katika mji wa Nazareti. Yaani Bwana wetu aliitwa Mnazareti kwa sababu baba mlinzi wake aliruhusiwa kuwa na wasiwasi juu ya mahali pa kurejea.

Tena hatusomi kwamba Misri ilimnyima Yosefu kazi. Alikuwa fundi.

Tukisema hayo bila kuwasikiliza wenyeji, tutakuwa tumehubiri nusu ya kweli. Mama mmoja wa jumuiya ndogondogo, katika kijiji kilicho jirani na kambi, aliwaambia waseminari wetu bila kuzunguka: "Nyinyi mnakuja wiki sita mnaondoka. Mihogo yangu imechimbwa usiku mara tatu. Msitu tuliokuwa tunaokota uyoga sasa ni visiki." Anasema kweli. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa maskini ya nchi yetu, na umebeba majirani kwa zaidi ya miaka hamsini. Misitu imekatwa. Miaka ya nyuma kulikuwa na ujambazi wa silaha barabarani, na watu waliuawa. Mwanakijiji aliona magari meupe yakipita na shehena za chakula huku zahanati yake haina dawa, ingawa ni haki kukumbuka kwamba wenyeji wengi wametibiwa katika hospitali za kambini bure.

Lakini tulimuuliza mama yule swali moja zaidi kupitia waseminari hao hao: wizi wa mihogo ulizidi lini? Akasema ulizidi mgao ulipopunguzwa na soko lilipofungwa. Soko lilipokuwepo yeye mwenyewe alikuwa anauza ndizi kule, na ada ya mtoto wake wa sekondari ilitoka huko. Kwa hiyo uamuzi ule ule uliomnyima mkimbizi chakula umemnyima mwenyeji mteja, halafu ukawagombanisha. Waha na Warundi wanasikilizana lugha bila mkalimani. Wana majina yale yale na ngoma zinazofanana. Kuwafanya wachukiane kunahitaji juhudi.

Nchi yetu imewahi kufanya vizuri zaidi. Walipokuja Warundi wa 1972, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapeleka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ikawapa ardhi. Lilikuwa pori lenye mbung'o na simba. Walilima mahindi, maharage na tumbaku, na katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe, UNHCR ikakabidhi makazi yale kwa serikali. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2014 takriban watu 162,000 wa makazi hayo, wazazi na watoto na wajukuu, walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Baadhi yetu tunaoandika hapa tulizaliwa Ulyankulu. Babu zetu walikuja na mikeka. Sisi tunakuja na vyeti vya kidato cha sita. Tunalitaja hili kwa sababu tunasikia watu wakisema haiwezekani, na sisi ndio tuliofanyiwa.

Serikali ina hoja, na tusiipuuze. Mwaka 2018 Tanzania ilijiondoa katika mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maendeleo, ikisema kwamba usalama unatia mashaka na kwamba fedha zilizoahidiwa hazikuja. Fedha kweli hazikuja kwa kiwango kilichoahidiwa. Mataifa tajiri yanapenda kusifu ukarimu wa Afrika huku yakifunga milango yao. Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na familia za Wakongo wa Nyarugusu ambazo zilikuwa zimehojiwa, zimepimwa afya, nyingine zikiwa zimeuza hata masufuria zikijiandaa kuondoka, zikabaki zimekaa juu ya mabegi. Mwezi ule ule Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na mwezi uliofuata Bukavu. Mkongo huyo hana pa kurudi na hana pa kwenda mbele. Njaa haimrudishi Kivu. Inamsukuma barabara ya kusini, Malawi hadi kambi ya Dzaleka, na wengine Afrika Kusini, kwa malori, bila karatasi. Tukimkuta amekamatwa Mbeya tunamwita mhamiaji haramu. Jina limebadilika, mtu ni yule yule, na kilichomsukuma ni kile kile.

Tunaiomba serikali yetu, kwa heshima, mambo mawili tu. Masoko ya pamoja yafunguliwe, yakiwa na ulinzi na siku maalumu. Na wakimbizi waruhusiwe kulima, hata kama ni kwa kukodi mashamba ya wenyeji kwa mikataba inayoandikwa kijijini, ili kibarua kisiwe cha kujificha na mwenye shamba naye apate kodi yake kihalali. Haya hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji ruhusa.

Na Kanisa je? Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi ya 2018, alitupa vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kushirikisha. Alitaja waziwazi kazi na uhuru wa kutembea. Wajesuiti kupitia shirika lao la wakimbizi, lililoanzishwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, na Caritas za majimbo yetu, wamefanya kazi kubwa Ngara na Kigoma. Sisi wengine tumezoea vitenzi viwili vya mwanzo na kusahau viwili vya mwisho. Tunapokea, tunalinda kidogo, tunachanga nguo za mitumba wakati wa Kwaresima, kisha tunakaa kimya mgao unapokatwa, kwa sababu kukatwa kwa mgao hakupigi kelele kama risasi. Hapa seminarini pia hatuko salama katika hilo. Tumekuwa na masomo mengi kuhusu Mafundisho Jamii ya Kanisa, na hatujawahi kumwalika katekista mkimbizi aje kutuambia jumuiya ya kambini inavyoadhimisha Jumapili isiyo na padre.

Likizo ijayo waseminari wanakwenda tena Kasulu na Kibondo. Tumewaongezea kazi moja: wakae na familia zilizojiandikisha kurejea, wasikilize, na waandike kwa uaminifu sababu wanazopewa, bila majina na bila kuzipamba. Tunajua hawatatoka na utafiti wa kitaalamu. Tutachapisha walichosikia katika ukurasa huu, hata kama kitapingana na tuliyoandika leo.

Mapadre na makatekista wa parokia za mpakani, pamoja na ndugu mliowahi kuishi Mtabila, tuandikieni kabla ya likizo hiyo. Hasa nyinyi mliorudi 2012 na kuvuka tena 2015: tungependa kujua siku ile ya kusaini fomu mliulizwa nini, na ni nini ambacho hakuna aliyewauliza.